Gari ya zamani, motere mpya: pompe ya esanse tuifunge wapi?

Mu Lubumbashi gari ya zamani haifi haraka. Peugeot 504 yenye papa alinunua akiwa bado kazini, Coccinelle yenye kulala nyuma ya nyumba, Land Cruiser ya miaka ya 70: motere ikichoka, mtoto anaenda kutafuta ingine ya injeksio yenye kutoka Japani, na mekanisie anaifunga mu shasi ya zamani. Kwa familia nyingi za wafanyakazi wa mgodi, gari hiyo njo mali kubwa iliyobaki nyumbani.

Watu wanazungumza sana juu ya motere na bei yake. Juu ya pompe ya esanse wanauliza mwishoni, wakati pesa imekwisha: "Tuifunge wapi?" Na jibu mara nyingi ni: popote penye nafasi. Wandugu, hapo njo gari inaanza kusumbua, na hapo njo moto unaweza kuanzia.

Kwanza tuelewe kwa nini pompe ya zamani inatoka. Mu gari ya karbureta, pompe iko juu ya motere yenyewe. Motere ikizunguka, inasukuma mkono wa pompe, na pompe inavuta esanse pole pole kutoka mu tangi. Presio yake iko chini ya nusu bar. Motere ya injeksio inaomba karibu bar 3. Pompe ya zamani haiwezi, kwa hiyo tunaweka ya umeme.

Lakini pompe ya umeme iko na tabia yake: inajua kusukuma, haijui kuvuta. Sisi watu wa mgodi hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Ku Kipushi, stasio kubwa ya pompe iliwekwa chini kabisa, ku nivo ya mita 1,200. Hakuna mtu aliyefikiri kuiweka juu ili ivute maji, juu maji hayavutwi zaidi ya mita 10 hivi, hata pompe iwe na nguvu namna gani. Pompe inakaa chini, karibu na maji, inasukuma kwenda juu. Ilipoharibika mwaka wa 2011, maji yalijaza shimo mpaka karibu mita 850 kutoka uso wa udongo.

Mu gari ni vile vile. Ukifunga pompe mbele, pembeni ya motere, itapaswa kuvuta esanse mita mbili ao tatu, na tena mu joto. Esanse ikivutwa na ikipata joto, inageuka mvuke, na pompe haiwezi kusukuma mvuke. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hapa maji yanachemka ku digri 96 hivi, hayangoji 100. Esanse nayo inageuka mvuke mapema. Njo maana, mu joto la mwezi wa kumi, gari inazimika ku njia ya Likasi, unangoja nusu saa, inawaka tena, na unalaumu batri bure.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: karibu na tangi, si karibu na motere. Kwa 504 maana yake ni nyuma. Kwa Coccinelle ni mbele, juu tangi yake iko mbele na motere iko nyuma. Pompe iwe sawa na sehemu ya chini ya tangi ao chini yake kidogo, ili esanse ishuke yenyewe. Lakini isining'inie kupita shasi: barabara zetu ziko na mawe na mashimo. Ifungwe upande wa ndani wa shasi, mbali na bomba ya moshi, mbali na kona yenye itagongwa kwanza.

Sheria ya pili: isiwe ndani ya gari. Wengine wanaificha chini ya kiti cha nyuma ao mu kofre juu ya wezi na matope. Ku bar 3, tuyo ikipasuka, esanse haitoki tone kwa tone, inaruka kama mvua. Na ku kiti cha nyuma njo watoto wanakaa.

Pahali pazuri kuliko pote ni ndani ya tangi, kama gari za leo. Esanse yenyewe inapoza pompe. Lakini tangi itakatwa. Msikubali mtu afanye sudire ku tangi iliyokuwa na esanse kwa sababu tu "iko tupu". Tangi tupu imejaa mvuke, na mvuke njo inalipuka.

Sheria ya tatu ni umeme. Pompe ya zamani ilisimama wakati motere inasimama. Ya umeme inaendelea kama kontaki iko wazi, hata gari ikiwa imepinduka. Kwa hiyo iwe na fizibu yake, rele yenye kukata motere ikisimama, na swichi ya mshtuko yenye kukata gari ikigongwa. Na tuyo ziwe za injeksio, si mpira wa karbureta uliokazwa na waya. Motere nyingi za injeksio zinaomba pia njia ya pili ya kurudisha esanse mu tangi. Muulize mekanisie kama ameiweka.

Mu mgodi, mashine isiyo na kizuizi tunakataa kuiwasha, na sheria ya kazi inatulinda. Mu garaji hakuna delege wa sendika. Mwenye gari njo delege. Kabla ya kulipa, ingia chini ya gari, uguse pompe, ufuate tuyo na mkono toka tangi mpaka motere. Kisha washa motere, na uombe mekanisie akuonyeshe namna pompe inanyamaza motere ikizimika. Kama anakataa kukuonyesha, kazi haijaisha, na pesa ibaki mu mfuko.