Kuhitaji Kushinda Si Kushinda

Msimu wa mtoano wa NBA ukifika, kati ya Aprili na Juni, ujumbe huanza kuingia jioni, kabla watu hawajalala. Maneno hutofautiana kidogo, swali ni moja: "Mwalimu, hawa leo lazima washinde, si niwaweke?" Majina ya timu hubadilika kila mwaka. Swali limegoma kubadilika, na kwa kuwa majibu ya mstari mmoja ninayotoa hayaonekani kumfikia mtu, leo nalijibu kwa urefu, mara moja.

Sitaeleza odi ni nini wala handikapu ni nini. Anayeuliza swali hili mkeka wa kubeti anao tayari, anachotafuta ni mtu wa kumgongea muhuri. Anajua wastani wa pointi, anajua nani majeruhi, halafu anataka kuongeza yale yasiyoandikwa kwenye takwimu: ari, hasira, kisasi, uzoefu, kelele za mashabiki. Na katika hayo yote, linalopendwa kuliko mengine ni hili la "lazima washinde". Nimelisikia kwa watangazaji, kwa wachambuzi wa vijiweni, hata kwa wenzangu wenye shahada za takwimu ambao wangelicheka kama lingesemwa juu ya mavuno ya mahindi.

Ni timu gani hiyo ambayo lazima ishinde? Ni ile iliyofungwa mechi ya kwanza, ikafungwa ya pili, na pengine ya tatu. Ilifungwa kwa nini? Mara nyingi kwa sababu iliyo mbele yake ni bora kuliko yenyewe. Kwa hiyo ukichambua ratiba kwa kigezo cha nani anahitaji ushindi zaidi, unajikusanyia timu dhaifu moja baada ya nyingine, halafu mkeka ukichanika unamlaumu mwamuzi.

Hakuna timu inayohitaji ushindi kuliko iliyo nyuma 3-0 katika mfululizo wa mechi saba. Ikifungwa tena, msimu umekwisha. Katika historia yote ya NBA timu zimejikuta hapo zaidi ya mara 150. Zilizogeuza matokeo na kushinda mfululizo ni sifuri. Zilizofika hata mechi ya saba ni nne tu: New York mwaka 1951, Denver 1994, Portland 2003 na Boston 2023. Zote nne zikafungwa hiyo ya saba.

Hapa ndipo msomaji mmoja, ambaye kwa Kiswahili chake namkisia ni mtu wa Lubumbashi, huniletea Bismack Biyombo. Namwelewa. Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi, na alichofanya tarehe 21 Mei 2016 kilistahili kusimuliwa. Toronto walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Cleveland ya LeBron James katika fainali ya Kanda ya Mashariki, baada ya kupigwa kwa tofauti ya pointi 31 na kisha 19. Jonas Valanciunas, mchezaji wao wa kati, alikuwa majeruhi. Biyombo akaingia kikosi cha kwanza, akadaka ribaundi 26, Toronto wakashinda 99-84. Wakashinda na ya nne. "Si unaona? Walihitaji, wakashinda!"

Naona. Naona pia kwamba mechi hizo mbili zilichezwa Toronto, na mbili za kwanza zilichezwa Cleveland. Timu iliyo nyuma 2-0 ikirudi kwake mara nyingi hushinda ya tatu, kwa sababu imerudi kwake. Nenda sasa kwenye mechi ambazo msimulizi huziruka. Ya tano, Cleveland, Toronto walilala 116-78. Ya sita ilikuwa kwao, mbele ya mashabiki wao, na safari hii kufungwa maana yake ilikuwa kutolewa, yaani haja ilikuwa kubwa kuliko siku ile ya ribaundi 26. Wakafungwa 113-87. Haja imepanda, uwanja ni ule ule, Biyombo ni yule yule. Mwenye nadharia ya "lazima" anieleze ilikwenda wapi.

Au tuichukue Boston ya 2023, ambayo ukiisoma kwa macho ya mtu wa ari huwezi kupata mkeka mtamu zaidi. Wako nyuma 3-0 dhidi ya Miami. Wanashinda ya nne, wanashinda ya tano. Ya sita wako ugenini, nyuma kwa pointi moja, Marcus Smart anakosa, na Derrick White anaurudisha mpira kikapuni ikiwa imebaki sehemu ya kumi ya sekunde: 104-103. Sasa mechi ya saba ni Boston. Upepo wao, uwanja wao, kelele zao, na mbele yao timu iliyoingia mtoano ikiwa ya nane katika kanda yake na ambayo kila mtu alisema imevunjika moyo. Mpira ulirushwa tarehe 29 Mei, huku kwetu saa tisa na nusu usiku wa kuamkia tarehe 30, na mikeka mingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshalala na wenyewe. Katika shambulizi la kwanza kabisa Jayson Tatum akakanyaga vibaya, kifundo cha mguu kikapinda. Boston walipiga mitupo ya pointi tatu 42, wakafunga 9. Miami 103, Boston 84.

Mechi moja haithibitishi kitu, na sitaki uondoke na imani mpya kwamba walio na upepo hufungwa. Ninachotaka uone ni vitu viwili vilivyoamua usiku ule: kifundo cha mguu na mitupo isiyoingia. Kimoja ni mwili, kingine kwa sehemu kubwa ni bahati. Ari ya Boston sina shaka ilikuwepo. Haikupata mahali pa kushika.

Kuna dhana imejificha ndani ya swali, kwamba mchezaji wa kulipwa ana akiba ya nguvu anayoificha mpaka siku ya shida. Huenda anayo usiku wa Jumanne mwezi Januari, mechi ya 40 kati ya 82. Katika mtoano hana. Na hata kama angekuwa nayo, mpinzani wake naye anataka kumaliza kazi leo ili apumzike siku nne. Haja ya mmoja unaihesabu, ya mwenzake unaiacha, kisha unaita uchambuzi.

Na si kila timu inayohitaji ushindi inautaka. Tarehe 7 Aprili 2023 Dallas walikuwa na mechi mbili mkononi na bado walikuwa na nafasi, kwa hesabu, ya kuingia hatua ya kugombea tiketi za mwisho za mtoano. Kwa mtu wa mikeka hiyo ni "lazima washinde" ya kiwango cha juu. Uongozi ukampumzisha Kyrie Irving na wenzake kadhaa, Luka Doncic akacheza kidogo zaidi ya robo moja akatolewa, na Chicago wakashinda 115-112. Kisa? Chaguo lao la kusajili chipukizi lingekwenda New York kama lisingeangukia ndani ya kumi bora, na kushinda kungeliweka hatarini. Ligi iliwatoza faini ya dola 750,000. Dallas wakabaki na chaguo, wakalibadilishana na wenzao, wakampata Dereck Lively, na mwaka uliofuata kijana huyo alikuwa nao fainali. Haja ya ushindi ilikuwa kichwani mwa shabiki. Ofisini kulikuwa na haja nyingine.

Nikubali sasa, kwa ajili ya mabishano tu, kwamba kuhitaji ushindi kunaongeza kitu. Kiasi gani? Andika namba. Hapo ndipo wengi hunyamaza, maana ari ni tamu ikiwa haina kipimo. Haya, nakupa pointi moja nzima, na huo ni ukarimu, kwani uwanja wa nyumbani wenyewe, pamoja na safari, usingizi na kelele, siku hizi hukadiriwa kuwa pointi mbili hadi tatu. Matokeo ya NBA hutawanyika kuzunguka makadirio kwa mkengeuko wa pointi 12 hivi. Katika mtawanyiko mpana namna hiyo, pointi moja inasogeza nafasi yako kutoka asilimia 50 hadi 53 na kidogo. Kampuni inakupa odi ya 1.90 kwa kila upande wa handikapu, kwa hiyo unahitaji asilimia 52.6 ili tu usipoteze. Hekima yote ya ari, kisasi na machozi ya kocha imekuletea nusu asilimia na ushee.

Tena kwa sharti kwamba kampuni haijui. Inajua! Kama mtangazaji ameshasema mara sita kwamba leo ni kufa au kupona, habari hiyo imeshaingia kwenye bei. Unakuwa kama mtu aliyefika soko la samaki la Feri saa nne asubuhi na siri kwamba leo changu ni wachache. Muuzaji alilijua hilo kabla ya jua kuchomoza, na ameshapandisha. Tena pale ambapo mashabiki wengi wanakimbilia upande mmoja kwa hisia, bei ya upande huo huweza kuwa mbaya kuliko inavyostahili. Ukiweka timu ya "lazima" kwa odi ya 1.40, sharti ushinde mara 5 katika kila 7 ndipo urudishe tu pesa yako. Si faida. Kurudisha.

Mengine nayapitia haraka. Mkono wa moto, yaani mchezaji aliyefunga mfululizo ataendelea kufunga: mwaka 1985 watafiti Gilovich, Vallone na Tversky walisema ni macho yetu tu, mwaka 2018 Miller na Sanjurjo wakaonyesha kwamba hesabu ile ilikuwa na kasoro na huenda kuna kitu kidogo. Kidogo hicho hakikutoshi kubetia. Kisasi dhidi ya klabu ya zamani: hadithi ya televisheni. Mwinuko wa Denver, karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni kweli, na unapimika, kwa hiyo umo kwenye bei tangu zamani.

Wapo waliowahi kujua kweli yale yasiyoandikwa. Tim Donaghy alikuwa mwamuzi wa NBA. Alibeti na kuuza taarifa za ndani, na mwaka 2008 akahukumiwa miezi 15 jela. Jontay Porter wa Toronto aliwadokezea wabashiri hali ya afya yake, kisha tarehe 20 Machi 2024 akacheza dakika tatu tu na kutoka akisema anaumwa. Mtu mmoja alikuwa ameweka dola 80,000 akitarajia zaidi ya milioni 1. Kampuni ilishtuka, ikazuia malipo, na Aprili 17 Porter akafungiwa maisha. Hivyo ndivyo maarifa ya ndani yanavyofanana, ndugu msomaji. Uso wa kocha uliouona kwenye runinga hauhusiki.

Kwa anayebeti hata hivyo, haya ndiyo yaliyobaki. Tazama orodha ya majeruhi, na uitazame tena, maana husasishwa hadi muda mfupi kabla ya mechi na vikosi vya kuanza hutoka kama nusu saa kabla. Ukiweka saa mbili usiku kwa mechi ya saa tisa na nusu, umenunua timu ambayo hujui nani ataivaa jezi yake. Subiri au acha. Angalia nani alicheza jana yake na akasafiri. Mwezi Aprili uliza nani ana faida ya kufungwa kabla ya kuuliza nani anahitaji kushinda. Linganisha odi za kampuni mbili tatu, kwa sababu tofauti ya 1.90 na 1.95 ni kubwa kuliko kisasi chochote. Ukiona ari, iandike kwa pointi kabla ya mechi, kwenye daftari, pamoja na matokeo. Baada ya msimu mmoja daftari litakujibu bila mimi. Na weka mechi moja moja. Mkeka wa timu tano za "lazima", kila moja kwa 1.40, unaahidi 5,378 kwa dau la shilingi 1,000. Kama kila timu ina nafasi halisi ya asilimia 68, mkeka mzima una nafasi ya asilimia 14.5, na kwa wastani kila 1,000 uliyoweka inarudi ikiwa shilingi 782.