Kuunda au kununua tayari: hesabu ya treni ndogo

Ukiingia katika duka la treni ndogo nchini Uingereza utakuta rafu za aina mbili. Ya kwanza ina maboksi yenye dirisha la plastiki, na ndani yake kichwa cha treni kilichokwisha pakwa rangi, kuandikwa namba na kufungwa mota. Kiweke juu ya reli, washa umeme, kinaondoka. Ya pili ina maboksi membamba, na ukiyatikisa yanalia kama kibiriti. Ndani mna vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, au bamba la shaba ya njano, pamoja na karatasi ya maelekezo. Treni imo, ila bado haijawa treni.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua tofauti hii hata kama hajawahi kuiona treni ya kuchezea. Ndiyo tofauti ya suruali ya dukani na kitambaa unachompelekea fundi, ila hapa fundi ni wewe mwenyewe. Serikali zetu nazo zinaijua: gari linaloingia Kenya vipande vipande likaunganishwe Thika au Mombasa halitozwi ushuru sawa na lililoshushwa bandarini likiwa zima. Katika biashara zote hizi, kinachouzwa pamoja na mali ni saa za kazi. Anayetaka kuielewa biashara ya treni ndogo aulize saa hizo anazifanya nani, na kwa ujira gani.

Kutoka Liverpool hadi Guangdong

Jina kubwa la biashara hii Uingereza, Hornby, lilianzia kwenye vipande. Mwaka 1901 Frank Hornby wa Liverpool alisajili hataza ya mchezo uliokuja kuitwa Meccano: vibamba vya chuma vyenye matundu, skrubu na nati, ambavyo mtoto aliviunga kuwa winchi au daraja. Treni zake za mwanzo, mwaka 1920, zilifuata mtindo huohuo. Zilifungwa kwa nati, na mwenyewe aliweza kuzifungua na kuzifunga tena. Mwaka 1938 ikaja Hornby Dublo, treni ndogo ya umeme ya kuweka mezani, na tangu hapo mnunuzi wa kawaida akazoea kununua kitu kilichokamilika.

Hata hivyo, kuunda hakukufa. Mwaka 1959 kampuni ya Rosebud ilianza kuuza injini na mabehewa ya plastiki ya kuunganisha kwa jina la Kitmaster, na mwaka 1962 kalibu zake zikachukuliwa na Airfix. Kampuni ya Tri-ang, iliyokuja kumeza mali ya Hornby mwaka 1964, nayo iliwahi kuuza baadhi ya treni zake zikiwa vipande. Kwa watu wazima, sababu ya kuunda ilikuwa rahisi: treni za tayari za wakati ule zilikuwa vitu vya watoto. Magurudumu yalikuwa manene, na vishikio vya mikono vilikuwa mistari tu iliyofinyangwa pamoja na bodi. Aliyetaka injini inayofanana na ile aliyoiona stesheni alinunua vipande vya aloi au bamba la shaba, akashika pasi ya risasi kama ya fundi redio, akaanza kulehemu. Marekani hali haikuwa tofauti. Maboksi ya buluu ya kampuni ya Athearn yalienea tangu miaka ya 1950. Ndani yalikuwa na mabehewa ya kuunganisha kwa dakika chache na bisibisi moja.

Mambo yaligeuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Hornby ilipohamishia uzalishaji wake China kutoka kiwanda cha Margate, pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza. Mshindani wake, Bachmann, ambayo ni mali ya kampuni ya Kader ya Hong Kong tangu 1987, ilikuwa huko tayari. Wengi walitarajia bei ishuke. Kilichotokea kikawa kikubwa zaidi: ubora ulipanda. Kwa kuwa saa ya mfanyakazi wa jimbo la Guangdong ilikuwa nafuu, kiwanda kiliweza kumweka mtu akabandika kwa mkono kila kishikio, kila bomba na kila ngazi. Injini ya Merchant Navy iliyotolewa na Hornby mwaka 2000 ilionyesha kwamba treni ya boksi inaweza kuishinda ile iliyoundwa na fundi wa wastani nyumbani kwake. Watengenezaji wengi wa vipande walijikuta wakiuza kazi ngumu yenye matokeo duni kwa bei ileile. Kufikia 2009 hata maboksi ya buluu ya Athearn yalikuwa yameondolewa sokoni.

Hesabu ya kalibu

Mbona basi vipande havijatoweka kabisa? Jibu liko kwenye kalibu. Treni ya tayari hutoka kwenye kalibu za chuma zinazochongwa kwa usahihi mkubwa, na gharama yake hulipwa kabla hata boksi moja halijauzwa. Chukua mfano wa hesabu tu: kalibu za injini moja zikigharimu pauni 100,000, ukiuza injini 5,000 kila moja inabeba pauni 20 za kalibu. Ukiuza 500, kila moja inabeba pauni 200, na hapo hujanunua mota wala hujalipa meli. Ndiyo maana viwanda hurudiarudia injini mashuhuri kwa rangi na namba tofauti: kalibu ni ileile, inalipwa tena na tena.

Bamba la shaba lina hesabu nyingine. Mchoro huchapwa juu ya bamba, kemikali hula sehemu zisizotakiwa, na vipande hubaki vikiwa bapa, tayari kukatwa na kukunjwa. Gharama kubwa ni akili ya mchoraji. Mtu mmoja mwenye karakana nyuma ya nyumba anaweza kuagiza mabamba kwa makumi, akauza, akaagiza mengine. Injini ya kijiji ambayo watu mia moja tu duniani wanaitaka haitapata kalibu ya chuma, lakini inaweza kupata bamba lake. Kwa maneno mengine, kiwanda kinaishi kwa wingi wa wateja, na fundi wa vipande anaishi kwa uchache wao.

Upo pia mtego wa vipimo. Treni ya Kiingereza ya mezani hupunguzwa kwa uwiano wa 1 kwa 76, lakini reli yake ina upana wa milimita 16.5, wakati hesabu sahihi ingetoa milimita 18.83. Kosa hilo la miaka mingi haliwezi kurekebishwa na kiwanda, maana karibu wateja wote wamekwisha tandaza reli ya 16.5 majumbani. Wanaotaka kipimo sahihi hulazimika kuunda wenyewe, na kundi hilo dogo, linalolipa vizuri, ndilo linaloziweka hai karakana kadhaa.

Saa moja inauzwaje?

Tuseme behewa la mizigo la tayari ni pauni 30 na la vipande ni pauni 12. Aliyeunda ameokoa pauni 18. Lakini ikiwa ametumia saa tatu kugundisha, kusugua na kupaka rangi, amejilipa pauni 6 kwa saa, ilhali kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mtu mzima kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Kwa macho ya mwajiri, hiyo ni hasara. Na kwenye vichwa vya treni hata akiba hiyo huyeyuka. Boksi la vipande vya injini mara nyingi halina magurudumu, mota wala giaboksi; vyote hununuliwa kando, halafu rangi, halafu vifaa. Mara nyingi aliyeunda hujikuta ametumia zaidi ya yule aliyenunua tayari.

Ila hesabu hiyo inakosea mahali pamoja. Inachukulia saa tatu kuwa gharama. Kwa mwenye kupenda kazi ya mikono, saa hizo ndizo alizozinunua. Behewa la pauni 12 limempa jioni moja nzima kwa pauni 4 kwa saa. Aliyenunua tayari amelipa pauni 30, akafungua boksi kwa dakika mbili, na furaha yake inaanzia kwenye reli. Wafanyabiashara wazoefu wanajua kwamba hawa ni wateja wawili tofauti: mmoja anataka kuwa na reli, mwingine anataka kuwa na kazi.

Sokoni kwa mitumba tofauti hiyo huonekana bila huruma. Treni ya tayari iliyotunzwa ndani ya boksi lake hushika thamani. Ya kuundwa hutegemea mkono: iliyolehemiwa na fundi hodari hugombewa, na iliyojaa madoa ya gundi huuzwa kwa bei ya chini kuliko boksi ambalo halijafunguliwa. Maboksi hayo yasiyofunguliwa ni mengi, kwa sababu watu hununua saa wasizokuwa nazo na kuziweka kabatini wakisubiri kustaafu.

Saa ya bei nafuu imekwisha

Faida ya Guangdong haikudumu. Mwaka 2008 Kader ilikinunua kiwanda cha Sanda Kan, ambacho ndicho kilichokuwa kikiitengenezea Hornby treni zake. Ghafla mzalishaji wa Hornby akawa chini ya mmiliki wa mshindani wake. Miaka iliyofuata Hornby ilihangaika kugawa kazi kwa viwanda vingine, na bidhaa zikachelewa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 ilitangaza hasara ya pauni milioni 13.5 kabla ya kodi. Wakati huohuo mishahara ya China ilikuwa ikipanda, na kile kishikio cha kubandika kwa mkono kikaanza kuonekana kwenye bei. Leo injini kubwa ya mvuke ya tayari huuzwa zaidi ya pauni 200.

Hornby haikuwa peke yake. Kampuni ya treni ndogo ya Märklin ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1859, iliomba ulinzi wa mufilisi Februari 2009, mwaka wake wa 150. Ilipona, mwaka 2013 ikaingia mikononi mwa kampuni ya vitu vya kuchezea ya Simba Dickie, na leo nguvu yake ya uzalishaji iko Göppingen, Ujerumani, na Győr, Hungaria. Wanunuzi wa Marekani nao walitikiswa mwaka 2025, ushuru wa bidhaa za China ulipopandishwa hadi asilimia 145 mwezi Aprili kabla ya kupunguzwa mwezi Mei. Huko Uingereza, duka la Hattons, lililofunguliwa Liverpool mwaka 1946, lilitangaza Januari 2024 kwamba linafunga biashara.

Mashine za kuchapa vitu vya 3D kwa utomvu, zinazotosha kukaa juu ya meza, nazo zimebadili upande wa vipande. Mchoraji sasa anaweza kuuza bodi ya injini bila kalibu wala bamba, moja baada ya nyingine kadiri oda zinavyoingia.

Reli zetu kwenye meza zao

Hesabu hii inazigusa hata reli za kwetu. Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanzania ina upana wa milimita 1,000. Kwa uwiano wa 1 kwa 87, unaotumika Ulaya bara na Marekani, inakaribia reli ya milimita 12 inayouzwa kwa ajili ya treni za milimani za Uswisi, ambazo nazo ni za mita moja. Reli mpya ya SGR, ya milimita 1,435, inaangukia moja kwa moja kwenye milimita 16.5. Reli ipo dukani. Kazi ni kupata cha kupita juu yake. Garratt za daraja la 59, injini 34 zilizotengenezwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima yetu, zina wapenzi duniani kote, lakini si wengi wa kutosha kulipia kalibu ya chuma kama Merchant Navy. Injini ya namna hiyo ni mali ya mchoraji, bamba na pasi ya risasi.

Kwa anayeanza, ushauri ni huu: nunua kichwa cha treni kilicho tayari, kwa sababu mota na magurudumu ndivyo humshinda mwanafunzi, kisha unda behewa moja la bei nafuu. Ukilimaliza ukitamani la pili, basi wewe ni mteja wa vipande. Ukilimaliza ukiangalia saa, rudi kwenye rafu yenye madirisha, na ulipe bila kunung'unika: kazi uliyoikimbia, kuna mtu ameifanya.