Deni la Baba, Rehani ya Mtoto

Kijana mmoja aliyesoma kwangu chuoni hapa Musoma aliniletea kitabu kiitwacho Peponi. Mtungaji wake ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994. Bibi Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili, kikachapwa mwaka 2022.

Khabari yake ni ya zama za Wadachi. Mtoto Yusuf, akiwa katika mwaka wake wa 12, achukuliwa na tajiri Aziz, ambaye yeye humwita ami. Kumbe si ami yake. Amewekwa rehani kwa deni la babake. Jina lake latukumbusha Nabii Yusuf, aliyeuzwa kwa dirhamu chache. Lakini huyu hapati cheo wala hazina. Mwisho wa kitabu, akiona hana mlango mwingine, awakimbilia askari wa Wadachi.

Kilichonichoma zaidi ni neno "washenzi". Ndivyo watu wa pwani kitabuni wawaitavyo watu wa bara, yaani babu zetu sisi. Hasira zilinipanda. Kisha nikakumbuka: mwaka jana mwanafunzi wa ukoo wenye asili ya pwani alimwita hivyo mwenziwe, Mjita wa kutoka Bunda. Nilisikia, nikajifanya sikusikia, kwa kuwa baba wa yule wa kwanza ndiye atununuliaye mikeka. Yule wa Bunda hakurudi tena chuoni.

Enyi wazazi, watoto hawazaliwi na maneno hayo. Huyaokota barazani kwetu. Twawahifadhisha Suratul Hujurat, inayokataza kuitana kwa majina mabaya, kisha twaivunja mbele ya macho yao. Tazameni Butiama: katika Wazanaki, kabila dogo, alitoka Julius Nyerere, akaongoza nchi nzima hadi mwaka 1985. Utukufu haukuuliza wingi wa kabila wala ukaribu wa bahari.

Nilifunga safari kwenda Bunda kuomba radhi. Mama alinipokea kwa heshima. Mtoto hakutoka chumbani. Sikumlaumu.

Yaliyotendwa na wazee wetu hatuwezi kuyafuta. Lakini deni lile tusiwarehani watoto wetu kwalo.

Wabillahi taufiki.