Uto na Sabuni ya Nazi: Maneno kwa Wanaoanza

Wahenga walinena, "Mwanzo kokochi, mwisho nazi." Methali hiyo yatufaa sana leo, kwa kuwa tutazungumza habari ya nazi yenyewe, na tena twazungumza na mtu anayeanza: yule atakaye kutengeneza kwa mikono yake vitu vya kuutunza mwili wake na miili ya watu wa nyumbani mwake.

Mkwaja ni kijiji cha wilaya ya Pangani, kilicho pwani kati ya mji wa Pangani na Saadani. Katika pwani hiyo mnazi ni mti wa kila siku. Watu hula nazi, huezeka makuti, husokota kamba za makumbi, na tangu zamani hujipaka uto wa nazi. Mali yenyewe, basi, iko mlangoni. Linalotakiwa ni maarifa, na katika maarifa yote twataka kushika moja: mtu atengenezaye kitu cha kutia mwilini hana budi kujua kilichomo ndani yake, na kujua kipimo chake. Asiyejua mambo hayo mawili hajaanza kazi; anabahatisha tu, na mwili si kitu cha kubahatishia.

Tuanze na kazi iliyo nyepesi, nayo ni kupata uto. Chagua nazi zilizokomaa, wala si madafu wala koroma. Zikune kwa mbuzi, utie maji ya vuguvugu, uzikamue kwa kifumbu. Tui lile liache usiku kucha katika chombo kilichofunikwa. Asubuhi utaona mafuta mazito yameelea juu na maji yamebaki chini. Engua yale ya juu, uyateleke juu ya moto mdogo, ukikoroga daima. Kwanza yatatokota kwa kelele, na kelele hiyo ni maji yanayotoka. Kelele ikinyamaza, na mashapo yakianza kugeuka rangi ya hudhurungi, epua, uache yapoe, kisha uchuje kwa kitambaa safi kilicho kikavu.

Sababu ya kungoja mpaka kelele inyamaze ni hii: maji yakibaki ndani, uto huvunda upesi na kutoa harufu mbaya. Kwa hiyo hata chupa ya kutilia na iwe kavu kabisa. Tena, mtu asishtuke akiuona uto umeganda na kuwa mweupe. Uto wa nazi huganda joto likishuka chini ya digrii 24 au 25 hivi. Mwanafunzi wa Mkwaja akiuchukua Lushoto, kwenye baridi ya milima ya Usambara, atauona umekuwa kama samli. Haukuharibika, auweke juani kidogo tu, utayeyuka.

Uto huo hupakwa baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, nao huzuia unyevu ule usipotee upesi. Lakini mtu anayeanza na apake kwanza mahali padogo upande wa ndani wa mkono, angoje siku moja au mbili. Pasipowasha wala kuvimba, apake kwingine. Desturi hiyo ya kujaribu na ishikwe kwa kila kitu kipya, hata kikiwa cha asili. Wako watu wadhanio kuwa kitu kitokacho shambani hakiwezi kudhuru, na jambo hilo si kweli. Mfano wake ni ndimu. Mtu akijipaka maji ya ndimu kisha akatoka juani, ngozi yaweza kuungua, kutoka malengelenge, na kubaki na mabaka meusi kwa muda mrefu. Ndimu ni chakula chema, lakini ndimu na jua havipatani juu ya ngozi.

Sasa twaingia katika kazi ya pili, nayo ni sabuni. Hapa twawaomba msome polepole, kwa kuwa hapa pana hatari.

Sabuni ni nini? Ni mafuta yaliyobadilishwa na soda kali. Viwili hivyo vikichanganywa kwa kipimo, kila kimoja huacha tabia yake: mafuta si mafuta tena, na soda si soda tena, bali hutoka sabuni, pamoja na maji matamu mazito yaitwayo gliserini, ambayo huifaa ngozi. Soda hiyo madukani huitwa kostiki. Si sawa na magadi ya kupikia maharagwe, wala si sawa na soda ya kuumulia maandazi. Hizo ni pole na hazifanyi kazi hii. Zamani, mahali pengi duniani, watu walichuja majivu ili wapate maji makali, wakapika sabuni laini. Lakini ukali wa majivu haupimiki kwa urahisi, ndiyo maana hatumshauri anayeanza atumie njia hiyo.

Sabuni ya nazi ina sifa moja ipasayo kujulikana na watu wa pwani. Sabuni nyingi zikitiwa katika maji ya chumvi hazitoi povu, bali huganda tu. Sabuni ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari, na kwa ajili hiyo mabaharia waliipenda. Penye visima vyenye maji ya chumvichumvi, faida hiyo si ndogo.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: uto wa nazi gramu 500, kostiki gramu 85, maji safi gramu 175. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji, wala visipimwe kwa kijiko au kikombe. Mtu atauliza, "Kwa nini 85, wala si 90 au 100?" Gramu 500 za uto zahitaji kostiki gramu 91 hivi ili uto wote ugeuke sabuni. Tukipunguza mpaka 85, uto kidogo hubaki bila kugeuka, nao huilainisha ngozi. Maana sabuni ya nazi tupu husafisha kwa nguvu na kuikausha. Lakini mtu akizidisha, soda itabaki ndani ya sabuni, na atakayeioga ataungua. Tena, kipimo hiki ni cha uto wa nazi peke yake. Mawese yana kipimo chake, na alizeti ina kipimo chake.

Kabla ya kuanza, vaa mipira ya mikono, nguo ya mikono mirefu, viatu, na miwani ya kukinga macho. Asiye na kinga ya macho asianze, kwa sababu jicho halina badali. Fanya kazi hiyo nje, penye hewa, upepo ukitoka nyuma yako. Watoto na kuku wawe mbali. Weka ndoo ya maji mengi karibu nawe.

Usitumie sufuria ya alumini. Sufuria nyingi za majumbani mwetu ni za alumini, na kostiki huila alumini na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo huwaka moto. Tumia chombo cha plastiki nene kistahimilicho joto, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Vyombo hivyo na mwiko wake vitengwe, visirudi tena kupikia chakula.

Pima maji, uyatie katika chombo. Kisha mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, ukikoroga. Shikeni sana neno hili: maji hutangulia, soda hufuata. Usimwage maji juu ya soda hata mara moja, maana hutokota ghafula na kuruka usoni. Hata ukifuata utaratibu mwema, maji yatapata moto mkali bila ya kuwekwa jikoni, nayo yatatoa mvuke. Usiinamie chombo kuuvuta. Yaache yapoe mpaka ukigusa chombo kwa nje usikie vuguvugu tu. Uto nao uwe wa vuguvugu.

Hapo mimina maji ya soda katika uto polepole, ukikoroga pasipo kuacha. Kwa mkono kazi hiyo yaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Utaona uji unazidi kuwa mzito, mpaka ukiinua mwiko, matone yake huacha alama juu. Mimina katika sanduku la mbao lililotandikwa plastiki, ufunike. Sabuni ya nazi huwa ngumu upesi, kwa hiyo itazame baada ya saa chache, uikate ingali laini kama muhogo uliochemshwa. Mtu akingoja mpaka kesho yake, yaweza kupasuka chini ya kisu. Mipira ya mikono usiivue bado, maana sabuni hiyo mbichi ingali kali.

Vipande vipange kivulini penye hewa, visigusane, uvingoje kwa majuma manne au sita. Katika muda huo maji hutoka, na sabuni huwa ngumu na ya kudumu. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa wana hamu ya kuoga sabuni yao siku ile ile. Ngojeni. Kisha jaribuni kwanza kwa kunawa mikono, ikichoma, isiogewe.

Twataka sasa kunena jambo lililo zito kuliko yote. Mama amenunua kostiki, akatumia nusu. Iliyobaki ameikoroga na maji, akaitia katika chupa ya soda ya kunywa, akaiweka chini ya meza. Mtoto anarudi kutoka mchezoni akiwa na kiu. Hapana haja ya kuendelea na hadithi. Kostiki huunguza kinywa na koo, na aliyeimeza na kupona huenda asiweze tena kumeza chakula vema maisha yake yote. Basi kostiki isitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Iwe katika chombo chake chenye jina lake, kimefungwa barabara, kimewekwa juu au kabatini penye ufunguo. Mtu akiimeza, asitapishwe, kwa kuwa ikirudi itaunguza mara ya pili; apelekwe hospitali mara moja. Ikimrukia mtu ngozini, avue nguo iliyolowa, aoshwe kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 20 au zaidi, kisha aende kwa mganga wa zahanati. Asitiwe siki wala ndimu.

Iko namna nyingine ya kuchanganya vitu nyumbani ambayo hatuwezi kuipita kimya, nayo ni mkorogo. Watu huchanganya krimu hii na ile ili ngozi iwe nyeupe. Ndani ya krimu kama hizo hupatikana zebaki, ambayo hudhuru mafigo, na haidrokwinoni, ambayo mtu akiitumia kwa muda mrefu yaweza kumwachia madoa meusi yasiyotoka. Jina la zebaki lina kilio duniani. Katika mji wa Minamata, nchi ya Ujapani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, nao watu waliokula samaki wakapatwa na ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yaliyofanywa mwaka 2013, yakapewa jina la mji huo, nayo yanapinga zebaki katika sabuni na krimu za kung'arisha ngozi. Tena, weusi wa ngozi si uchafu wa kuoshwa. Ni kinga ya jua. Anayepaka uto wa nazi ajua anachopaka. Anayepaka mkorogo hajui.

Je, kazi hii yaweza kuleta fedha? Tutazameni ndugu zetu wa Unguja. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko mwaka 1989, na kwa miaka mingi wakulima, ambao wengi wao ni wanawake, waliuza mwani mkavu kwa bei ndogo. Baadaye, kwa msaada wa wataalamu kama Dkt. Flower Msuya, wanawake wa mahali kama Kidoti walijifunza kusaga mwani na kuutia katika sabuni. Kitu kile kile kilichouzwa kwa gunia kikaanza kuuzwa kwa kipande. Nazi nayo yaweza kufanyiwa hivyo hivyo.

Lakini kuuza ni jambo jingine na kuoga nyumbani. Atakaye kuuza na aende kwanza kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lenye ofisi mjini Tanga, akapate mafunzo. Vipodozi vya kuuzwa husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, ambalo lilikabidhiwa kazi hiyo mwaka 2019. Na kila mara aandike katika daftari: tarehe, uzito wa uto, uzito wa kostiki, uzito wa maji, na jinsi sabuni ilivyotoka. Daftari hilo litamfundisha mengi, na siku sabuni ikiharibika atajua alikosea wapi.

Basi ndugu zetu, anzeni na uto. Mkiuzoea, pateni mizani na miwani, mfanye sabuni ya gramu 500, wala si zaidi. Hiyo ndiyo kokochi. Mkiipima sawasawa na kuingoja muda wake, nazi itakuja. Kwaherini.