CHANJO YA MDONDO: KICHUPA KIMOJA, KAMBI NZIMA

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunaoishi katika kambi za mashamba na mitaa ya viwanda tunafuga kuku wachache. Mshahara ukichelewa, jogoo huuzwa tukanunua unga. Mtoto akihitaji daftari, mayai hupelekwa sokoni. Ndiyo maana mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukiingia kambini, hasara yake hufika mpaka jikoni.

Wengi tumeuona. Kuku hujikunyata na kushusha mabawa, huharisha kinyesi cha kijani, huhema kwa shida, na wengine hupinda shingo. Mahali ambapo kuku hawakuchanjwa, ugonjwa huu unaweza kuwaua karibu wote katika siku chache. Huletwa na virusi, wala hakuna dawa ya kuuponya. Pilipili, shubiri na vidonge vya binadamu tunavyowanywesha haviwaokoi. Kinga ni chanjo, nayo itolewe kabla ugonjwa haujafika.

Tuwatazame wenzetu wa Tanzania na Msumbiji. Huko vijijini hutumika chanjo iitwayo I-2. Mbegu yake ilitayarishwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ikatolewa kwa nchi zinazoendelea ili zijitengenezee chanjo zenyewe. Sifa yake kubwa ni kustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ambazo ziliharibika upesi zikitoka kwenye baridi. Kwa hiyo huweza kufika mahali pasipo na jokofu. Hata hivyo isiachwe juani. Ifungwe kwa kitambaa kilicholowa maji na kubebwa katika kikapu.

Kazi yenyewe si ngumu. Kuku hushikwa, kichwa hulazwa upande, hudondoshewa tone moja katika jicho moja, kisha husubiriwa mpaka tone lienee. Kifaranga wa siku moja na jogoo mkubwa hupata tone lile lile. Kuku aliyekwisha kuugua asichanjwe. Anayechanja anawe mikono kwa sabuni, wala asijiguse machoni.

Kosa letu la kawaida ni kuwaacha vifaranga kwa kusema bado ni wadogo. Hao ndio kuku wetu wa kesho! Tena kinga huchukua kama wiki 1 hadi 2 kujengeka, na baada ya miezi kadhaa hupungua. Kwa sababu hiyo chanjo hurudiwa kila baada ya miezi 4. Msumbiji walipanga kampeni zao mwezi Machi, Julai na Novemba. Vifaranga walioanguliwa baada ya kampeni moja hukutwa na kampeni inayofuata.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi wa chama. Kichupa kimoja cha chanjo huwa na dozi nyingi, mara nyingi 100 au zaidi, na kikishachanganywa hakiwekwi akiba. Mtu mwenye kuku 6 akikinunua peke yake, sehemu kubwa humwagwa. Lakini tuchukue mfano wa kambi yenye nyumba 30, kila nyumba ina kuku 6. Jumla ni kuku 180. Kichupa cha dozi 200 kinawatosha wote, na mchango wa kila nyumba unakuwa mdogo. Aidha, kuku wa kambi huchanganyika majalalani. Wasiochanjwa wa jirani wakiugua, virusi husambaa mpaka kwa vifaranga wa kila nyumba.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za matawi zifanye haya. Kwanza, zichague wenzetu 2 au 3, wake kwa waume, wafundishwe kuchanja na bwana mifugo. Pili, zihesabu kuku wote, vifaranga wakiwemo, na kukusanya michango mapema. Tatu, zipange siku moja ya mapumziko, alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa. Nne, wote tukubaliane kwamba kuku anayenunuliwa sokoni atatengwa wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wengine, na kwamba kuku mgonjwa hatauzwa. Aliyekufa azikwe au achomwe moto.

Tumezoea kudai haki zetu kwa pamoja. Na kuku wetu tuwakinge kwa pamoja, kabla mdondo haujabisha hodi.