NYUMBA YA KABLA YA VITA

Nilipokwenda New York kumzuru mpwa wangu, jambo la kwanza aliloniomba ni nimsindikize kutazama nyumba. "Mjomba," aliniambia, "wewe umezaliwa Mji wa Kale. Macho yako yajua nyumba za zamani." Nyumba yenyewe ilikuwa fleti ya vyumba viwili vya kulala, orofa ya nne, mtaa wa Jackson Heights, wilaya ya Queens. Dalali aliisifu kwa neno moja: ni ya kabla ya vita.

Vita hivyo ni Vita Vikuu vya Pili, na katika mji ule neno hilo ni sifa, kama kwetu kutaja mlango wa nakshi. Nilipougonga ukuta kwa kidole nilifahamu sababu. Plasta ni nene, maneno ya jirani hayapiti. Dari iko juu, sakafu ni vibao vya mti mgumu vilivyopangwa mfano wa mkeka, na chini ya madirisha kuna mabomba ya chuma ya kupasha chumba joto kwa mvuke. Mpwa wangu asema wakati wa baridi mabomba hayo hufoka usiku kucha kama birika.

Lakini lililonipendeza hasa lilikuwa nyuma. Dalali alifungua dirisha la jikoni, na huko chini palikuwa na bustani ndefu yenye miti, imezungukwa na majumba pande zote, mpita njia asiweze kuona hata jani. Nikakumbuka ua wa nyumba za mawe za Lamu: uso mkavu barabarani, raha yote ndani.

Hapo palikuwa mashamba hadi daraja la Queensboro lilipofunguliwa mwaka 1909 na reli ikafika 1917. Kampuni iliyojenga mtaa iliwatafuta watu wenye kipato wa Manhattan, ila si kila mtu. Mayahudi na watu weusi hawakutakiwa. Sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyoharamisha ubaguzi wa makazi nchi nzima, na sheria ya uhamiaji ya 1965 ilikuwa imekwisha kuwafungulia mlango watu wa Asia. Leo, ukishuka garimoshi barabara ya 74, wakutana na maduka ya sari na dhahabu, nyama ya halali na harufu ya biriani. Adhuhuri niliswali bega kwa bega na Wabangladeshi.

Sasa kuna fumbo. Fleti za namna hii nyingi huuzwa kwa utaratibu wa ushirika: hununui nyumba, wanunua hisa za shirika lenye jengo, kisha wapewa mkataba wa kukaa. Watu wa Majengo, Mombasa, watacheka. Kwetu kuna nyumba bila ardhi, mtu akamiliki kuta na kulipia kiwanja cha mwingine. Huku hata kuta si zako! Tena kila mwezi kuna mchango wa mvuke, mshahara wa mtunza jengo, kodi ya serikali, na deni la jengo ikiwa lipo.

Hapo ndipo mpwa wangu aliposhtuka. Miaka mingi amejinyima, yeye na mkewe, ili wanunue kwa fedha taslimu wasiingie katika riba. Kumbe jengo lenyewe laweza kuwa na mkopo wa benki, na mchango wake wa kila mwezi ukawa unalipa riba ile ile aliyoikimbia.

Na bado kuna kamati ya wakazi. Hiyo hutaka kuona hesabu zako za benki, barua za wanaokujua, kisha hukuita kwa mahojiano. Kwa miaka mingi kamati hizo zimeweza kumkataa mtu bila kutaja sababu, ilimradi sababu isiwe rangi wala dini. Lakini sababu isiyotajwa, nani ataithibitisha?

"Wasemaje, Mjomba?" Nikamwambia kuta ni nzuri, lakini kabla ya kuonyesha hesabu zake, aombe kwanza kuona za jengo, kisha azipeleke kwa shehe anayemwamini.

Mkewe alikuwa sebuleni na simu mkononi, akitafuta kibla. Kilielekea kaskazini mashariki, kwenye pembe ya dirisha. Dalali alimwuliza kama amepoteza kitu.

Nilipoondoka New York wiki mbili baadaye, hesabu za jengo zilikuwa bado hazijaletwa.