Glakoma: Tembe za kulinda neva haziwezi kuchukua nafasi ya dawa ya matone

MKAZI wa Voi, Mwatate au Taveta anapoambiwa kwamba ana glakoma, maradhi ambayo wengi huyaita presha ya macho, swali la kwanza huwa iwapo uwezo wa kuona uliopotea utarejea. Jibu ni kwamba haurejei. Ndiyo sababu matangazo ya tembe zinazodaiwa kulinda neva za macho huwavutia wagonjwa wengi.

Ndani ya jicho mna majimaji yanayotengenezwa na kutolewa kila wakati. Njia ya kuyatoa inapoziba au kupungua nguvu, shinikizo hupanda na kuathiri neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzi zipatazo milioni moja, na uzi ukishakufa hauoti tena. Shinikizo la kawaida huwa kati ya vipimo 10 na 21, ingawa wapo wanaoathirika hata likiwa ndani ya kiwango hicho.

Maradhi haya ni tofauti na mtoto wa jicho, ambapo upasuaji humrejeshea mgonjwa uwezo wa kuona. Glakoma iliyo ya kawaida zaidi haiumi. Huanza kula pembeni mwa upeo wa macho, na mgonjwa hujitambua akiwa amechelewa.

Utafiti wasemaje?

Wazo la kuilinda neva yenyewe, badala ya kupunguza shinikizo pekee, si la kupuuzwa. Mwaka 2017, wanasayansi nchini Marekani walionyesha kwamba vitamini B3 ya aina ya nikotinamaidi iliwakinga panya dhidi ya glakoma. Mwaka 2020, utafiti uliofanywa Australia kwa wagonjwa 57 ulionyesha dalili kwamba seli za macho zilifanya kazi vyema zaidi walipotumia vitamini hiyo pamoja na dawa zao za kawaida. Hata hivyo, muda wa utafiti huo ulikuwa wa miezi michache tu. Kutokana na hali hiyo, utafiti mkubwa unaohusisha wagonjwa zaidi ya 600 ulianzishwa nchini Uswidi mwaka 2022.

Historia inafunza tahadhari. Dawa ya memantini, iliyotarajiwa kulinda neva, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 kwa miaka minne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba haikuzuia glakoma kuendelea. Nayo majani ya mti wa ginko yametoa matokeo yanayopingana katika tafiti ndogo ndogo.

Madhara

Kiwango kilichofikiwa katika utafiti wa Australia kilikuwa gramu 3 kwa siku, ilhali mahitaji ya mtu mzima ni takriban miligramu 16. Hiyo ni zaidi ya mara 180. Kiasi hicho kinaweza kudhuru ini, hivyo hakifai kutumiwa bila daktari kufuatilia. Ginko nayo huweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, hasa kwa anayetumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda.

Vitamini B3 inayopatikana katika karanga, samaki, kuku na nafaka ni chakula chema, lakini mlo huo si tiba ya glakoma.

Kilichothibitishwa

Hadi sasa, njia iliyothibitishwa ya kupunguza kasi ya maradhi haya ni kushusha shinikizo la jicho. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, ulioshirikisha wagonjwa 516, ulidhihirisha kwamba matone ya latanoprosti huhifadhi upeo wa macho. Zipo pia dawa ya timololi, ambayo mwenye pumu hapaswi kuitumia kabla ya kumweleza daktari, tiba ya leza na upasuaji.

Hatari iliyopo ni mgonjwa mwenye kipato kidogo kutumia fedha za matone kununua tembe. Kwa kuwa haumwi, hudhani tembe zinamfaa, kumbe neva inaendelea kufa.

Wakazi wa maeneo yenye vumbi wanapaswa pia kujihadhari na matone ya kutuliza mwasho yenye steroidi. Yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi, huweza kupandisha shinikizo na kusababisha glakoma.

Aliyetimiza umri wa miaka 40, na hasa mwenye mzazi au ndugu aliyepata glakoma, anashauriwa kupimwa shinikizo na kuchunguzwa neva ya jicho. Watu wenye asili ya Afrika wamo katika hatari kubwa zaidi. Mgonjwa wa Taita Taveta anaweza kuanzia katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi na kuulizia huduma za macho. Akihitaji matibabu zaidi, Mombasa iko umbali wa takriban kilomita 150.

Anayetaka kutumia tembe zozote za ziada amwonyeshe daktari kopo lenyewe kwanza, na asiache matone yake hata siku moja.